Swali Ulilomwachia Sista

Kerubo mwanangu,

Salamu za leo nilikupa asubuhi tulipokuwa tunakwenda kanisani, na za kesho nitakupa ukipanda gari, kwa hiyo karatasi hii naianza bila salamu. Ni Sabato, jua limeanza kuegemea upande wa Nyacheki. Baba yako amebaki kanisani kwenye kikao cha wazee, na wadogo zako wako kwa majirani. Na wewe, siku yako ya mwisho ya kulala chini ya paa hili, umevaa sweta yako mpya ukateremka Nyamache kumuaga Sista Moraa.

Nimeona wivu. Naandika hivyo mapema nisije nikajifanya kwamba barua hii imetoka kwenye moyo uliotulia. Ulipofika mlangoni uliniambia, "Nitarudi upesi, Mama," nami nikajibu, "Nenda tu, umsalimie." Sikutaka umsalimie. Nilitaka ukae hapa jikoni kwenye kigoda, hata bila kusema neno, mpaka giza liingie.

Mambo ya kuvaa, kula, kutunza mshahara na kutomfungulia mtu usiyemjua umeshaambiwa na baba yako, shangazi yako na mchungaji, na sina shaka Sista anakurudilia yote hivi sasa kwa ufasaha kuwapita wote. Hayo nawaachia.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa Kiswahili, sisi ambao humu nyumbani Kiswahili tunamtolea bwana shamba na wachuuzi wa nguo peke yao. Unajua nilikiokota Kericho, kwenye laini za vibarua wa chai, baba yako alipokuwa anafanya kazi kule, na kingine nikakichota kwenye Biblia. Hakijanyooka sana. Lakini kuna maneno ambayo kwa Ekegusii siwezi kumtamkia mtoto niliyemzaa. Wewe umelelewa ndani ya chinsoni, ile heshima na aibu inayokaa kati ya mzazi na mtoto, na kati ya mke na baba mkwe, hata mambo ya mwili yasitajwe kabisa. Nyanya yako angeweza kukueleza kila kitu mkicheka, maana kati ya nyanya na mjukuu aibu hiyo haipo, lakini alituacha ukiwa bado mdogo. Mimi nikijaribu kusema neno "mimba" mbele yako kwa lugha yetu, ulimi unakauka. Kwa Kiswahili linapita. Ni kama kuishika sufuria ya moto kwa kitambaa.

Basi nisikilize kupitia kitambaa hiki.

Sista Moraa ndiye aliyekutafutia kazi ulipomaliza kidato cha nne, na kwa hilo namshukuru, meno nimeyauma lakini namshukuru. Muuguzi wa kliniki ya akina mama, mtu wa upande wa Nyamira, hajaolewa, ana viatu vyeupe ambavyo matope ya kwetu hayajawahi kuvigusa. Alikuja hapa na habari za daktari wa Nairobi aliyetaka kujua dawa walizopewa wajawazito wa huku zimewafanyia nini watoto wao. Mkaanza kuzichambua kadi za zamani za zahanati, mkiona fulani alipewa dawa akiwa mzito mnamfuata nyumbani, mnamwuliza, mnamtazama mtoto: uzito wake, alianza kutembea lini, meno yake yakoje.

Nilimsikia akikufundisha, hapa hapa jikoni kwangu, mimi nikiwa nje naanika maua ya pareto. "Hakuna mtu mwenye utu atakayempa mjamzito dawa ili aone tu mtoto atatokaje," alikuambia. "Kwa hiyo tunawatafuta wale ambao waliugua kweli wakazimeza, na wale ambao hawakumeza, tunawaweka upande huu na upande huu, tunalinganisha. Na kila mama tukimruka, tumeacha pengo." Uliitikia "ndiyo, Sista" kwa sauti ambayo mimi hujanipa tangu uache kunyonya. Alikuwa amesema vizuri. Hilo ndilo lililoniudhi, kwa sababu kama angesema upuuzi ningelala usingizi.

Halafu ile siku ya Nyacheki. Ulikwenda peke yako, Sista akawa anakungojea kwetu. Ulirudi mbio, matope mpaka magotini. Ulikuwa umemwuliza mama mmoja kama alitumia amariogo akiwa mzito. Wewe ulimaanisha dawa za hospitali, yeye akasikia zile za waganga, za kumfunga mume na kumdhuru mke mwenza, akakuandama na jembe mpaka barabarani. Ulisimulia habari hiyo ukimtazama Sista. Mlicheka mpaka mkashikana mabega. Mimi nilikuwa nasonga ugali, mgongo nimewageuzia. Nilicheka pia, mwanangu, lakini hakuna aliyegeuka kuniona.

Na wewe siku hiyo ulicheka mdomo wazi. Nitakueleza kwa nini niliona jambo hilo.

Tangu hapo umekaa kwenye vigoda vya wanawake wangapi? Mama Onchari, ambaye hata mume wake hawezi kumwambia anaumwa wapi, amekutolea habari za mimba zake zote, na ile iliyoharibika. Yule mjane wa karibu na kituo cha chai alikulilia begani. Tukikutana sokoni wananisifia: "Binti yako ana sikio kweli kweli!" Nacheka nao, nanunua ndizi zangu, naondoka. Nawaonea wivu wao pia. Kila mmoja ana kitu alichokupa kikapokelewa, na mimi niliyekubeba mwenyewe sijaulizwa.

Halafu nikaulizwa. Jumatano iliyopita.

Ulichukua kikapu ukaenda kuchuma pareto ambayo hakuna aliyekutuma, na dakika ile ile Sista akaingia na kadi mkononi. Nilielewa. Alikuwa ameshasema kwamba mtu hamhoji ndugu yake, na hata kama asingesema, wewe usingeweza kufumbua mdomo. Akaketi pale unapoketi wewe. "Mama Kerubo," akasema kwa adabu, "leo ni zamu yako. Ulipokuwa na mimba ya Kerubo, ulimeza dawa yoyote?"

Nikamwambia, "Wewe una mama yako Nyamira. Nenda ukamwulize yeye."

Hakukasirika. Laiti angekasirika! Alinieleza kwamba kadi haiandikwi jina, ina namba tu, hakuna atakayejua ni mimi. Nikamwambia mimi nina jina. Akafunga kalamu yake, akanywa uji wangu mpaka mwisho, akaaga.

Ulipotoka shambani kikapu hakikufika nusu. "Mama, umeniaibisha," ukasema. "Wanawake wote wamejibu ila mama yangu." Nilikupokea kikapu nikaenda kuanika ulichochuma, maana maneno yaliyonijia yalikuwa mabaya. Tangu siku hiyo unaniheshimu sana. Unanipokea mtungi, unaniuliza kama nimelala vizuri, kama mgeni aliyefikia hapa. Na kesho makasha ya kadi yanapandishwa gari pamoja nawe kwenda kupangwa huko Nairobi, na ndani yake kuna kadi moja ambayo haina kitu.

Sasa nisikilize.

Tulirudi kutoka Kericho kabla bendera ya Uhuru haijapandishwa, mimi nikiwa nimekubeba. Yaani, baba yako alinirudisha, kisha yeye akaenda zake kazini. Ulikuwa msimu wa mvua. Nilishikwa na kichomi, kila pumzi ikawa kama kuna mtu anashona mbavu zangu kwa sindano ya gunia. Kule laini nilikuwa na jirani mmoja, mwanamke mcheshi, aliyeshikwa na ugonjwa huo huo akiwa mzito kama mimi. Aliambiwa na wazee wa kwao asimeze kitu cha hospitali. Walimzika na mtoto wake tumboni. Kwa hiyo mimi nilipoanza kukohoa sikungoja ushauri wa mtu. Nilivaa koti kubwa la baba yako nikashuka zahanati nikishika miti njiani.

Dresa wa pale, aliyekuwa akitoa dawa, alikuwa mzee Nyakundi. Mtu mpole sana. Lakini alikuwa wa ukoo wetu, ndugu wa babu yako kwa hesabu ya ukoo, na kwa hiyo kwangu alikuwa baba mkwe. Nilipomwona nilitaka kugeuka nirudi, na miguu ikakataa. Nikakaa pembeni kabisa mwa benchi, uso ukutani, koti nimelivuta mpaka magotini. Yeye naye aligeukia chupa zake, akawa anazungumza nazo.

"Mke wa mwanangu, unaumwa wapi?"

"Kifua, tata," nikasema, yaani baba.

"Kifua tu?"

"Kifua tu, tata."

Kerubo, mzee yule alijua. Koti halifichi miezi sita. Nilimwona ameshika kopo moja, akaliweka, akashika jingine, akarudia lile la kwanza, akasimama hapo kama mtu anayengoja kusaidiwa. Alikuwa ananipa nafasi niseme. Lakini angeniuliza vipi habari za tumbo langu, yeye baba mkwe? Na mimi ningemtajia vipi? Wote wawili tulikuwa na adabu nzuri sana. Akanifungia vidonge kwenye kipande cha gazeti, vile vya rangi mbili vinavyoteleza, akaniwekea kwenye ukingo wa meza nivichukue mwenyewe ili mikono yetu isikutane. Nilivimeza asubuhi, mchana na jioni mpaka gazeti likabaki tupu.

Nikapona. Andika hilo kwa kalamu nzito. Nilipona, na wewe ukazaliwa una sauti ya kuwaamsha watu wa ng'ambo ya mto.

Kisha ukaota meno. La kwanza lilitoka na rangi ya kikombe kilicholala na chai. Nikasema ni uchafu. La pili likatoka hivyo hivyo, na yaliyofuata. Wanawake mtoni wakapata la kusema: mtoto wa Kericho kazaliwa na chai mdomoni! Walikuwa wanatania tu, lakini mimi ni mtu ninayekwenda na utani nyumbani na kulala nao. Nilikusugua kwa majivu mpaka ufizi ukatoa damu, ukalia, nikalia. Nikaanza kuchungulia midomo ya watoto wa wenzangu. Fikiria, mtu mzima, anaonea wivu meno ya watoto. Mama Onchari alikuwa na mvulana wa rika lako mwenye meno kama maziwa, na kwa muda mrefu nilishindwa kumbeba mtoto yule.

Wewe ulikuwa mtu wa kucheka. Ulimchekea hata kuku. Na kila ulipocheka mbele ya watu, nilikuwekea kiganja mdomoni, taratibu, kama mchezo. Ukauzoea mchezo. Ukaanza kuweka kiganja chako mwenyewe. Baadaye meno yale yakang'oka moja moja, tukayarusha juu ya paa la nyasi, yakaota haya meupe ambayo watu wanayasifu. Lakini mkono haukushuka. Mpaka leo ukicheka unaziba mdomo, na hujui kwa nini. Mwalimu wako mmoja aliniambia una haya ya msichana aliyelelewa vizuri. Nikaitikia.

Siku ile ya jembe la Nyacheki mkono wako ulikuwa umeshika bega la Sista. Ulicheka meno yote nje, sauti yote, na hukujua kwamba umefanya kitu kipya. Miaka yote hii nimetamani kukuona hivyo. Yeye alikupa jambo hilo bila kujua kwamba lilikuwa limepotea, naye ana miezi michache tu na wewe. Hapo ndipo nilipomchukia sawasawa. Ningeweza kumsamehe viatu vyake.

Na ndiyo maana Jumatano sikumjibu. Utadhani niliogopa lawama. Niliogopa, sikatai. Niliposikia kwamba mnawatafuta watoto ambao meno yao ya kwanza yalitoka na rangi, nilijua mnanitafuta mimi. Lakini wanawake wengine wamesema mazito kuliko hayo na wamebaki wazima. Mimi nilikataa kwa sababu habari ya mdomo wako ni yangu. Paa lile la nyasi lilioza zamani tukaezeka mabati. Nyanya yako hayupo, na baba yako alikuwa Kericho. Mzee Nyakundi naye amezikwa. Aliyebaki na habari hiyo hapa duniani ni mimi, na wewe mwenyewe huijui. Nimpe Sista awe wa kwanza kuijua, kisha akuletee kwenye kadi yenye namba? Nilishindwa.

Kwa maneno ya Sista, nimeacha pengo. Ni kweli. Naliziba sasa, kwa mkono wangu, na napenda liwe limezibwa kwako.

Andika kwamba mama huyu alimeza vidonge akiwa na mimba ya miezi sita. Andika kwamba hakumwambia aliyempa, na mkiona mahali pa kueleza sababu, msiandike kwamba alidanganya wala kwamba hakujua. Andikeni kwamba aliyempa alikuwa baba mkwe wake. Andika meno ya kwanza yalitoka na rangi, ya pili meupe. Andika pia kwamba miezi ile nilitafuna yale mawe laini ya udongo tunayonunua sokoni tukiwa wazito, na nilikunywa majani aliyonichemshia nyanya yako, kwa hiyo sijui kipi kilifanya nini. Usimwache mtu akujazie kwamba mama ana hakika. Sina hakika. Nyinyi mtajua mkiniweka na wenzangu wengi, na ndiyo kazi unayoiendea. Na umwulize huyo daktari kama kadi zake zina mahali pa kuandika kwamba mama alipona. Kama hapana, mwambie atengeneze. Mtu akiisoma kadi yangu akaona vidonge na meno tu, atasema ningeviacha. Ningeviacha, nisingekuwapo mimi wala wewe wa kumpa hiyo kadi.

Jambo moja nalijua ambalo Sista hakukufundisha, kwa kuwa hajawahi kuwa mke katika ukoo wa mtu. Huko Nairobi utafungua kadi nyingi za huku kwetu zilizoandikwa "hakutumia dawa". Usizikatae, lakini usizimeze haraka. Jiulize nani alikuwa anauliza, na mama yule alikuwa nani kwake. Mimi ningeulizwa na mzee Nyakundi mwaka mmoja baadaye ningemwambia sikumeza kitu, hali ni yeye aliyenipa, naye angeandika, na wote tungeona tumetenda vyema. Nimekaa na mawazo hayo tangu Jumatano, na nilitaka sana kukuambia wakati ule ule, ukiwa na kikapu chako nusu. Nilikuwa nimekasirika mno.

Sasa nimekwisha kueleza na nilitegemea wivu utaniondoka. Haujaondoka. Bado nakuona umekaa kwenye kiti cha Sista, kile chenye kitambaa, na anakupa chai ya maziwa mengi, na unamwambia mambo ya safari ambayo mimi sijayasikia. Mimi niliishia darasa la nne. Nakuonea wivu hata wewe, ujue hivyo, kwa makasha yale na kwa kwenda mahali ambapo swali linaulizwa waziwazi mezani na watu hawatazami ukutani. Ningelipenda sana chumba kama hicho nilipokuwa na umri wako.

Msomee Sista barua hii, ukitaka. Haitakuwa haki kumficha, na kazi ni yenu wote. Nimekubali asome. Ila soma wewe kwanza, peke yako, mpaka mwisho, halafu kaa nayo kidogo kabla hujamwita.

Kiswahili kimenisaidia, lakini kimeanza kunichosha, na kuna mambo ya siku ile niliyokuzaa ambayo hayana maneno ndani yake. Ukirudi likizo njoo tukae jikoni, mlango tuufunge, uniulize kwa Ekegusii. Nitatazama chini, nitajikwaa, pengine nitakugeuzia mgongo kama vile nasonga ugali. Usiache kuuliza. Nitajibu kila swali, hata yale ambayo hayamo kwenye kadi. Na siku hiyo Sista akija kubisha hodi, tutanyamaza kimya, mimi na wewe, mpaka achoke aende zake.

Mimi mama yako,
Nyaboke